Usimwambie kijana aigize yaliyomkuta

Msanii anayeingia mahabusu ya watoto hapa Tanga kuwasaidia kwa maigizo ya tiba, hata awe na moyo safi, anaweza kuumiza kwa sentensi moja tu: "Haya, tuonyeshe baba alivyokuwa anakupiga." Mtoto aliyekulia kwenye kipigo, mwili wake haungoji akili iseme haya ni maigizo. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, macho yanaganda, ngumi inajikunja. Hapo amerudi kulekule alikotoka, tiba hakuna.

Mpeni umbali. Sungura na Fisi wanafaa kwa kuanzia. Wa miaka 16 wakiona ni mambo ya kitoto, nendeni stendi: konda, mpiga debe, dogo anayeuza maji aliyeporwa fedha za tajiri wake. Kijana hatasema "mimi", atasema "huyu dogo", na kwa huyu dogo yatatoka mengi kuliko mngeyapata kwa kumhoji. Katikati ya igizo piga makofi, wote wagande, kisha uliza: dogo anasema nini moyoni? Mwingine achukue nafasi yake, ajaribu njia nyingine. Mbinu hii aliieneza Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya kuigiza kutoka Brazili.

Kosa analoshtakiwa lisiigizwe kabisa. Kesi haijaamuliwa, na igizo linaweza kugeuka ungamo.

Vijana sita hadi wanane wanatosha, na watu wazima wawili: mmoja anaongoza, mwingine kazi yake ni kutazama nyuso. Katika dakika 90, 20 za mwisho msizile hata igizo likinoga. Ni za kuvua uhusika. Kila mhusika awe na vazi lake, kofia au kanga. Kijana alivue mwenyewe, alikung'ute, aliweke sakafuni, ataje jina lake halisi na kazi itakayomngoja jioni, hata kama ni kufua shati. Aliyecheza baba mkali atangulie. Asipovuliwa vizuri, wenzake wataendelea kumwita hivyo bwenini, na ugomvi wa usiku huanzia hapo.

Kijana akiganda kwa hofu, simamisheni igizo. Msimshike, hasa kwa nyuma. Nyayo zikanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona, apewe maji. Akifichua ukatili, msimwahidi siri. Afisa ustawi wa jamii ajulishwe siku hiyohiyo. Nje ya kituo, 116 ndiyo namba ya kumsaidia mtoto.

Wageni wakija wakitaka onyesho, tayarisheni ngoma au ngonjera. Maigizo haya ya tiba wasionyeshwe.