Muulize Refa: Ilikuwaje Misri ikawa bingwa wa Ulaya?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba Misri iliwahi kuwa bingwa wa Ulaya katika mpira wa kikapu, kisha nikaendelea na mambo mengine. Sentensi hiyo imeniletea barua kuliko makala zangu zote za mwaka huu. Nimechagua chache.

Swali: Shikamoo mzee refa. Mimi na shemeji yangu tunabishana kwa ajili yako. Nilimsomea ulichoandika kuhusu Misri, akacheka, akasema umechanganya na ubingwa wa Afrika. Nilipomthibitishia kuwa ni kweli, akageuka: eti kombe lile halihesabiki kwa sababu vigogo hawakwenda. Tuamulie.
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Shemeji yako ameshindwa kesi, akakata rufaa papo hapo. Tumsikilize, lakini kwanza yale yasiyobishaniwa.

Kuanzia tarehe 15 hadi 22 Mei 1949, mashindano ya sita ya ubingwa wa Ulaya kwa timu za taifa yalichezwa Cairo. Zilikuwapo timu saba: Misri, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, Uholanzi, Syria na Lebanon. Hapakuwa na makundi wala fainali. Kila timu ilikutana na kila nyingine mara moja, na Misri ikashinda mechi zake zote sita. Ufaransa ikapata fedha, Ugiriki shaba.

Yalifikaje Cairo? Siku hizo ilikuwa desturi aliyeshinda kuwakaribisha wenzake safari inayofuata. Latvia ilishinda Geneva mwaka 1935, ikaandaa Riga 1937. Lithuania ikashinda hukohuko Riga, ikaandaa Kaunas 1939. Vita vikapita, Chekoslovakia ikaifunga Italia 34–32 Geneva mwaka 1946, na mwaka uliofuata watu wakakutana Prague. Huko Prague Umoja wa Kisovyeti, ukishiriki kwa mara ya kwanza, uliwafunga wenyeji 56–37 kwenye fainali. Kwa hiyo zamu ilikuwa ya Moscow. Moscow haikuandaa. Chekoslovakia, waliokuwa wa pili, nao hawakuandaa tena. Na wa tatu kule Prague walikuwa nani? Misri. Mzigo ukawaangukia, wakaubeba.

Wapo wanaouliza Misri ilifuata nini Prague tangu mwanzo. Ingekwenda wapi kwingine? Ubingwa wa Afrika wa kikapu ulianza mwaka 1962, tena Cairo hiyohiyo. Kabla ya hapo, timu ya Kiafrika iliyotaka mechi za maana ilivuka Bahari ya Kati, na Misri ilishavuka mapema: ilicheza Riga mwaka 1937.

Sasa rufaa. Shemeji ana hoja, sitamnyima. Wasovyeti hawakwenda. Chekoslovakia haikwenda. Italia, Ubelgiji na Hungaria hazikwenda. Prague zilicheza timu 14, Cairo nusu yake, na katika hizo saba Syria na Lebanon hazikuwa za Ulaya hata kidogo. Pia tuukumbuke mwaka wenyewe. Misri ilikuwa imetia saini mkataba wa kusitisha vita na Israeli mwezi Februari tu. Ugiriki ilikuja na wachezaji wake, akiwamo Faidon Matthaiou ambaye Wagiriki humwita baba wa kikapu chao, huku nyumbani vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa havijaisha. Simlaumu aliyebaki kwake mwaka ule.

Lakini nimepuliza filimbi miaka mingi, na sijawahi kuona karatasi ya matokeo yenye safu ya wasiokuja. Timu isiyofika uwanjani imepoteza mechi. Kanuni ya leo inaiandikia 20–0 na watu wanakwenda nyumbani.

Mwambie shemeji aliweke kombe pembeni, amtazame aliyekuwa wa pili. Ufaransa ile haikuwa timu ya kuokoteza. Agosti 1948, London, ilicheza fainali ya Olimpiki. Ndiyo, Marekani iliipiga 65–21, lakini medali ya fedha ilirudi nayo nyumbani. Miezi tisa baadaye ikawa chini ya Misri. Bahati? Basi tuipime. Prague 1947, wakubwa wakiwapo: Misri ya tatu, Ufaransa ya tano. Cairo 1949: ya kwanza na ya pili. Buenos Aires 1950, ubingwa wa dunia wa kwanza kabisa, timu kumi: Misri ya tano, Ufaransa ya sita. Mara tatu, mabara matatu, na Misri iko juu kila mara. Kinachomsaidia shemeji ni London pekee, ambako Misri haikuingia hata nane bora. Nakitaja mwenyewe asije akasema nimekificha.

Hukumu yangu ni hii. Dhahabu ni halali na haifutiki. Je, wangeipata kama Wasovyeti wangekuja? Sidhani. Timu inayomfunga mwenyeji kwa tofauti ya pointi 19 kwenye fainali si ya kawaida. Ila medali Misri ingepata, tena bila jasho jingi kuliko lile la Prague.

Na kama bado anacheka, mtajie kocha. Alikuwa Mtaliano, Carmine Paratore, maarufu kwa jina la Nello. Mwaka 1957 Italia yenyewe ilimkabidhi timu ya taifa, akaifikisha nafasi ya nne katika Olimpiki ya Roma 1960. Hao ndio waliokuwa wakifundisha kikapu Cairo.

Swali: Kaka refa, habari za kazi. Nafundisha timu ya sekondari. Niliwaambia vijana kwamba fainali ya Ulaya ya mwaka 1951 iliisha 45–44, wakasema hayo ni matokeo ya mapumziko. Wazee wa zamani walikuwa hawajui kutupa?
*Mwalimu wa michezo, Iringa*

Jibu: Walijua sana. Kilichokosekana ni sababu ya kuharakisha.

Ile ilikuwa Paris, Umoja wa Kisovyeti dhidi ya Chekoslovakia, tofauti ya pointi moja. Wakati huo hakuna saa ya kumlazimisha mwenye mpira atupe. Ukiongoza kwa pointi nne zikibaki dakika sita, ulikuwa na haki ya kuzungusha pasi mpaka watu wasinzie. Mpinzani afanye nini? Akufuate, akufanyie faulo, akupeleke kwenye mitupo huru. Ndiyo maana mechi nyingi za enzi zile ziliishia kwenye kelele za filimbi. Mimi nilianza kazi saa ikiwa imeshawekwa, nashukuru. Refa wa mwaka 1951 alikuwa kama mtu aliyewekwa kusuluhisha ugomvi wa mdai na mdaiwa anayejificha.

Mfano mkali zaidi si wa Ulaya. Tarehe 22 Novemba 1950, katika ligi ya NBA, Fort Wayne waliifunga Minneapolis 19–18. Mechi nzima! George Mikan peke yake alifunga 15 kati ya zile 18 za Minneapolis, na mbinu ya Fort Wayne ilikuwa hiyohiyo: kumnyima mpira kwa kuushikilia. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Helsinki 1952 Wasovyeti waliwajaribu Wamarekani kwa njia hiyo. Walifungwa, lakini ubao ulisoma 36–25.

NBA ikachoka. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alipiga hesabu ambayo napenda kuwafundisha vijana. Mechi nzuri ina mitupo kama 120 kwa timu zote mbili. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya, unapata 24. Kanuni za kimataifa zilifuata mwaka 1956 kwa sekunde 30, na hizo 24 zilingoja mpaka mwaka 2000. Mtupo wa pointi tatu ndio usiseme: kimataifa uliingia mwaka 1984.

Usiwaambie vijana, hata hivyo, kwamba wote walicheza polepole. Budapest 1955, saa haijaja, Hungaria iliifunga Umoja wa Kisovyeti 82–68 na kuchukua ubingwa. János Greminger na wenzake walikimbia kwa sababu walitaka kukimbia. Ndiyo mechi ya miaka ile ambayo ningelipa kuiona.

Mazoezi ya kesho: zima saa, wape timu moja uongozi wa pointi tano, waache dakika kumi. Wataielewa Paris wenyewe.

Swali: Mzee, nimeona orodha ya mabingwa wa Prague 1947. Mbona timu ya Kisovyeti ina majina ya Kilithuania? Si Lithuania ilikuwa bingwa mwenyewe?
*Msomaji, Arusha*

Jibu: Ilikuwa. Mara mbili: Riga 1937, kwa kuifunga Italia 24–23, na Kaunas 1939, nyumbani. Kule Kaunas waliishinda Latvia 37–36 wakiwa na Pranas Lubinas, ambaye Wamarekani wanamjua kama Frank Lubin. Miaka mitatu kabla, mtu huyohuyo alichukua dhahabu ya Olimpiki Berlin akiwa na jezi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa Walithuania, na siku hizo hilo lilitosha.

Mwaka 1940 Umoja wa Kisovyeti uliziteka Lithuania, Latvia na Estonia. Mabingwa wawili wa kwanza wa Ulaya wakatoweka kwenye ramani ya michezo, na wachezaji wao wakahesabiwa Wasovyeti. Kwa hiyo Prague utamkuta Stepas Butautas, Kazys Petkevičius na Justinas Lagunavičius wa Lithuania, Ilmar Kullam na Joann Lõssov wa Estonia, na Otar Korkia, Mjojia. Nikisikia mtu akisema “Warusi walitawala kikapu cha Ulaya” hunijia hamu ya kumwonyesha faulo. Lithuania kwa jina lake ilirudi kwenye mashindano hayo mwaka 1995, na dhahabu yake iliyofuata ile ya Kaunas ikaja mwaka 2003, huko Uswidi. Miaka 64 katikati.

Swali: Refa, kuna picha ya zamani ya mechi ya Ulaya inayochezwa katikati ya uwanja wa soka, mashabiki wamejaa pande zote. Ni ya kweli au imetengenezwa?
*Kijana wa Tanga*

Jibu: Inawezekana kabisa ni ya kweli. Budapest 1955, Sofia 1957 na Istanbul 1959 zote zilitumia viwanja vya soka. Korti iliwekwa kwenye eneo la kuchezea, jukwaa la mashabiki likabaki palepale lilipo, mbali. Sofia walijaza uwanja wa Vasil Levski kwa makumi ya maelfu, wakaiona Bulgaria ikipoteza kwa Wasovyeti 60–57. Kwa mchezaji ni balaa. Upepo unacheza na mpira, mvua ikinyesha korti inateleza, na anayetupa haoni ukuta wowote nyuma ya ubao wa kumsaidia kupima umbali. Kwa mwenye kuuza tiketi, sherehe.

Swali: Shikamoo babu. Kila siku wanaume, wanaume. Wanawake wa Ulaya walikuwa wapi wakati huo?
*Mchezaji wa timu ya chuo, Dodoma*

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu, na umenibana pazuri. Walikuwapo. Ubingwa wao wa kwanza ulichezwa Roma mwaka 1938, Italia ikashinda. Baada ya vita wakaanza tena Budapest mwaka 1950, na Umoja wa Kisovyeti ukachukua huo, wa Moscow 1952, wa Belgrade 1954 na wa Prague 1956. Mwaka 1958, kule Łódź, wanawake wa Bulgaria wakafanya kile ambacho wanaume wao walikuwa wamekikosa kwa pointi tatu mbele ya watu wao mwaka uliotangulia. Baada ya hapo Wasovyeti hawakuliachia kombe tena mpaka mwaka 1991, nchi yao ilipovunjika. Makombe 21 kati ya 22 yaliyochezwa tangu 1950, na lile moja lililobaki ni la Łódź.