Choki gani niweke? Pima mtutu kwanza

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mi niko Leicester huku Uingereza, nimejiunga na klabu ya kulenga sahani za udongo na nimenunua shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) used, mitutu miwili imepandana, imekuja na choki tano za kufunga na kufungua, yaani vile vipande vya kubana mdomo wa mtutu. Kila choki ina vikato mdomoni. Klabuni kila mtu ana lake, mmoja anasema weka inayobana kabisa ndo utavunja sahani, mwingine anasema chomeka sarafu mdomoni, ikiingia basi choki imelegea. Nimsikilize nani?
Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu. Ya sarafu achana nayo kabisa. Sarafu inakuonyesha upana wa mdomo tu, na choki siyo upana wa mdomo, choki ni tofauti kati ya upana wa ndani ya mtutu na upana wa pale panapobana. Geji 12 kwa hesabu ya vitabu ni inchi 0.729, lakini ukipima mitutu yenyewe utakuta ya 0.720 na utakuta iliyopanuliwa kiwandani ikapita 0.740, sasa chukua mdomo wa 0.719, kwenye mtutu wa 0.729 umebana elfu 10 za inchi, yaani inchi 0.010, hiyo ni robo choki, ukiwa kwenye mtutu wa 0.739 mdomo uleule umebana elfu 20, tayari ni nusu choki!

Vikato kwa kawaida vinasomwa hivi: kimoja ni choki kamili, kama elfu 40, viwili robo tatu, vitatu nusu, vinne robo, vitano silinda ambayo haibani kitu. Ya skiti, ule mchezo wa sahani zinazokatiza mbele yako, ni kama elfu 5. Ila hayo ni makusudio ya kiwanda, bunduki yako inaweza kusema vingine.

Kupima, hakikisha kwanza haina katriji, ifungue, toa choki. Venia ya kawaida, kile kipimio cha meno mawili, inadanganya humo ndani maana meno yake ni bapa na ukuta ni wa mviringo, inasoma pungufu, tena haifiki ndani ya mtutu. Mpelekee fundi bunduki mwenye kile kifaa kirefu chenye saa, apime mtutu kabla haujaanza kubana, apime choki pale palipo pembamba zaidi, halafu namba ya choki mwitoe kwenye ya mtutu. Chini ya mitutu utaona pia imegongwa namba kama 18.4 au 18.6, huo ndo upana kwa milimita, inasaidia lakini usiitegemee sana, kwa sababu sehemu moja ya kumi ya milimita ni karibu elfu 4 za inchi, yaani unakaribia choki nzima ya skiti.

Ukishapata namba nenda kwenye karatasi, na hapa ndo naomba usiwe mvivu. Tundika karatasi pana ya mita 1.2 kila upande, piga kutoka yadi 40, kama mita 36.5, tafuta palipojaa zaidi, chora duara la inchi 30, hesabu matundu. Pasua katriji moja uhesabu marisawa yake, zile punje za ndani, ili upate asilimia. Choki kamili inatarajiwa kuingiza kama 70, nusu 60, robo 50, silinda 40. Rudia karatasi kadhaa, moja haitoshi, na ukibadilisha aina ya katriji anza upya maana marisawa magumu hukaa pamoja kuliko laini. Halafu piga na kwa umbali unaovunjia sahani kweli, huo ndo unaokuhusu.

Kuchagua sasa. Skiti sahani inapita kama mita 20 tu, weka silinda au ya skiti, ukibana hapo unajinyima bure. Trapu ya Olimpiki unasimama mita 15 nyuma ya mashine na sahani inakimbia kukuacha, hapo nusu kwa risasi ya kwanza, kamili kwa ya pili. Michezo mchanganyiko mi nasema robo na nusu, zifunge ziache humo, anayebadilisha choki kila kituo anawaza choki badala ya kuangalia sahani. Marisawa ya chuma usiyapitishe kwenye choki inayobana kuliko nusu kama haijaandikwa kuwa inaruhusu. Na usipige bila choki ndani, utaharibu nyuzi za kufungia choki.

SWALI: Mzee, mke wangu ana geji 20, tunaweza kuazimana choki na katriji?
Msomaji, Muscat

JIBU: Hapana kaka. Geji 20 ni inchi 0.615, choki haiingii. Katriji ndo hatari kabisa, ya 20 ikiingia kwenye geji 12 inateleza inakwama mbele ya chemba, pale katriji inapokaa, wewe unaona kama hujaweka kitu, unatia ya 12 nyuma yake, ukifyatua mtutu unapasuka mkononi. Kila mmoja awe na mfuko wake wa katriji, na msichanganye hata siku moja.