Kudunisha: maana na asili yake

Ndugu, umeuliza kama "amenidunisha" linafaa kwenye barua ya kumlalamikia msimamizi wako hapo Kariakoo, na limetoka wapi. Linafaa kabisa. Mzizi ni "duni", kutoka Kiarabu "dun", yaani chini ya. "-Isha" inaleta usababishi: kumfanya mtu aonekane wa chini. Dharau inaweza kubaki moyoni, lakini kudunisha huonekana kwa neno au kitendo. Kudhalilisha ni zito zaidi, linagusa utu wa mtu. Usilitumie kwa kila kejeli. Nukuu maneno yaleyale aliyosema, tarehe, na waliokuwepo. Tafadhali kagua herufi pia: "amenidumisha" linatokana na kudumu, na malalamiko yatageuka shukrani.