Ateliye ya kushona na tovuti: mama, fanya

Mama wa Kadutu, hapa Bukavu, uliyeuliza kama ateliye yako ya kushona inahitaji tovuti wakati WhatsApp uko nayo tayari, mimi nakuambia fanya, hata ya ukurasa mmoja tu.

Ona, status ya WhatsApp inapotea kisha saa 24, na anaiona tu mwenye kuwa na namba yako. Mtu wa Goma ama ndugu zetu wa Ubelgiji akitafuta fundi wa Bukavu kwa Google atakupata wapi? Tovuti inabaki pale, hata usiku we umelala yeye anaangalia modeli, bei, siku za kungojea, akipenda anabonyeza anafika moja kwa moja kwa WhatsApp yako. Na ile "bei ngapi?" ya kila dakika inapunguka kabisa.

Picha za tovuti zisikuwe nzito, mega za internet ni bei kwa mwenye kuangalia.

Sasa hii ushike sana: jina la tovuti, liishie na .cd (ya Congo yetu) ama .com, liandikishwe kwa jina lako na email yako. Mimi kijana alinitengenezea akaliandikisha kwa jina lake, akahama, mwaka ukaisha halikulipwa, tovuti ikazimika na nambari za siri sina, iliniuma kweli.

Weka pia ateliye kwa Google Maps, ni bure, na uandike alama za njia, soko iko upande gani, mlango rangi gani, juu kwetu watu wanafuata alama kuliko namba ya nyumba.