Kijana wa Tanga, Ulizia Shehena Kabla ya Mshahara

Bahari ikitulia, vijana wa Sahare, Kigombe na Pangani huanza kunijia na habari ileile: kuna tajiri anatafuta mabaharia, jahazi linakwenda Bosaso kule Somalia au Mukalla kule Yemen, malipo ni kwa dola na safari haina siku nyingi. Wanakuja kwangu kwa sababu nimefanya kazi kwenye meli zilizokuwa zikipeleka unga na mchele Hodeida, kule Yemen, na wanajua wakaguzi wa silaha wameshanihoji. Swali lao la kwanza huwa la mshahara. Wanangu, naomba liwe la shehena, kwa sababu safari za namna hiyo zinaweza kuwa za kupeleka silaha kwenye vita ya Yemen.

Septemba 2014 Wahouthi, kundi la waasi wa Yemen, waliuteka mji mkuu, Sanaa, na silaha nyingi za jeshi zikaangukia mikononi mwao, yakiwemo makombora makubwa yaitwayo Scud. Aprili 2015 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2216 la kupiga marufuku kuwapelekea silaha. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine. Desemba 2002 manowari ya Hispania iliisimamisha meli ya So San kutoka Korea Kaskazini, wakakuta makombora 15 ya Scud yamelazwa chini ya magunia ya saruji. Mnunuzi alikuwa serikali ya Yemen. Meli ikaachiwa iendelee na safari, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyomzuia kununua. Leo shehena kama ile, ikiwa inakwenda kwa Wahouthi, haiachiwi, wala aliyeibeba haachiwi.

Tangu Mei 2016 Umoja wa Mataifa una kikosi cha ukaguzi huko Jibuti, kinaitwa UNVIM. Kazi yake ni kuthibitisha mizigo ya meli zinazokwenda Hodeida na Saleef, bandari ambazo serikali ya Yemen inayotambuliwa kimataifa haizishiki. Nimepitia ukaguzi huo na sipendi mtu awatishe nao. Karatasi hutangulia, meli inatia nanga, halafu wanapanda. Wanataka orodha ya mabaharia, hati za shehena, daftari la safari, na bandari zote mlizogusa. Wanasoma lakiri za makontena, namba moja baada ya nyingine. Kisha wanauliza watu, na hapa ndipo penye uzito. Nahodha anaulizwa mlisimama wapi baada ya kupakia. Mpishi anaulizwa vilevile. Mimi wa sitahani nikaulizwa pia, peke yangu. Majibu yakipishana, hampati ruhusa ya kuondoka. Joto la Jibuti ni kali na kungoja kunachosha, lakini mimi niliwaheshimu watu wale. Yemen huagiza nje karibu asilimia 90 ya chakula chake. Asipokuwepo wa kuthibitisha kwamba gunia la unga lina unga, meli za chakula zitazuiwa zote na watoto wa Hodeida watalala na njaa.

Tatizo ni kwamba ukaguzi huo unahusu meli zinazozidi tani 100. Jahazi dogo halimo, na wenye kusafirisha silaha wanalijua hilo. Ndiyo maana njia yao ni majahazi ya uvuvi, na mabaharia wanaowatafuta ni wenye shida ya kazi wasiouliza maswali. Vijana wanaofanana sana na ninyi.

Usiku wa tarehe 11 Januari 2024, karibu na pwani ya Somalia, askari wa majini wa Marekani walipanda jahazi moja la namna hiyo. Lilikuwa na watu 14. Ndani mlikuwa na vipande vya makombora kutoka Iran: sehemu za injini, vichwa vya mlipuko, vifaa vya kuongozea. Askari wawili walizama usiku ule. Nahodha, raia wa Pakistani, alihukumiwa na mahakama huko Virginia mwaka 2025 kifungo cha miaka 40. Mabaharia wake walitoa ushahidi kwamba walidanganywa, wakaamini ni safari ya kuvua samaki. Na mimi naamini inawezekana kabisa. Kombora halisafirishwi zima likionekana kwa kila mtu. Linakuja vipandevipande ndani ya maboksi, na kazi ya kuliunganisha inafanyika Yemen. Baharia wa kawaida akiona boksi anaona boksi tu.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta kombora. Tazama chombo chenyewe. Kimesajiliwa wapi, na bendera gani? Chombo kisicho na utaifa kinaweza kupandwa na manowari ya nchi yoyote katika bahari kuu, na Sheria ya Bahari ya 1982 inaruhusu. Meli ya mizigo ya tani 300 na zaidi inayokwenda nje lazima iwe na namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari, yenye tarakimu saba na kifaa cha AIS cha kuitambulisha njiani. Ukiona nahodha anakizima bila sababu ya usalama inayoeleweka, shuka bandari inayofuata. Ukiambiwa mzigo mtaupokea baharini kutoka chombo kingine, usipande kabisa, hata ukipewa nusu ya malipo mkononi. Asiye na mkataba wa maandishi, anayetaka kukaa na kitabu chako cha baharia, au anayekutoza hela ili akupe kazi, huyo usimpe hata namba yako ya simu. Nenda ofisi ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ukaulize kama wakala huyo wanamtambua.

Nasisitiza kwa sababu silaha hizi zinaua mabaharia. Machi 6, 2024 kombora la Wahouthi liliipiga meli ya True Confidence katika Ghuba ya Aden. Walikufa watatu, Wafilipino wawili na Mvietinamu mmoja. Walikuwa kazini, kama nilivyokuwa mimi kwenye maji yaleyale. Nikiwaza kwamba kuna baharia maskini aliyebeba vipande vya silaha za namna ile bila kujua, roho inaniuma kwa wote.

Na ikiwa umeshapanda, manowari ikawakuta? Usikimbie, na usitupe kitu majini hata nahodha akiamuru. Kaa mahali mikono yako inapoonekana. Ukiulizwa, sema ulipandia wapi, nani alikuajiri, mzigo uliingia lini, na usiongeze usichokiona. Nakala ya mkataba na picha ya chombo viwe vimebaki nyumbani Tanga, kwa mtu anayejua kusoma na anayepokea simu.