Maswali yenu ya laivu: punguzeni kulilia 1080p

Laivu yangu inakwamakwama, tatizo nini?
Jamani, tena? Swali hili kila wiki na kila wiki halina maelezo. Inakwama kwako unayerusha au kwa wanaoangalia? Wote au mmoja? Faiba au laini ya simu? Niandikie hayo ndo tuongee.

Nimepewa kazi ya kurusha harusi YouTube kwa OBS (programu ya kurushia laivu), ukumbini natumia ruta ya 4G, kamati inataka 1080p (picha ya HD kamili). Niweke bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) ngapi?
Pima spidi kwanza, na sio ile namba kubwa mnayopenda kutumiana, hiyo ni ya kushusha, we angalia ya kupandisha. Na uipime usiku, saa ya sherehe yenyewe, maana mchana ukumbi mtupu unapata megabiti 8 unafurahi, usiku wageni wameingia na simu zao wote wanapost kwa mnara uleule unabaki na 4 au chini. Ukisukuma 5 hapo umeisha, RTMP, njia ambayo OBS inapeleka video YouTube, inapita kwenye TCP, utaratibu wa kutuma data usiokubali kitu kipotee, data ikipotea njiani inatumwa upya, foleni inajaa, OBS inaanza kudondosha fremu na huko nje watu wanaona duara linazunguka tu. Mi situmi zaidi ya nusu ya spidi niliyopima. Una 4, tuma 2, weka 720p, Keyframe Interval (kila baada ya sekunde ngapi inatumwa picha kamili) andika 2, sauti chukua kwenye miksa ya DJ, sio maiki ya kamera! Shangazi aliyeko Muscat anaangalia kwa simu, hiyo 1080p wala hataitofautisha, ila sauti ikikatika bwana harusi akiitikia nikahi hilo hamrudishii mtu. Kamati waambie hivyo kabla hujapokea advansi.

Bando pia: megabiti 2 kwa sekunde ni karibu MB 900 kwa saa, saa 5 ni GB 4.5, nunua mapema. Na kamera irekodi kwenye kadi muda wote, laivu ikifa angalau video ipo.

Jirani mwenye dishi anashangilia goli kabla yangu, mi naangalia kwa app. Ninunue bando la spidi zaidi?
Usinunue. App nyingi zinatumia HLS, njia ya kurusha video ya Apple ya tangu 2009, video inakatwa vipande, mara nyingi vya sekunde 6, na simu inakusanya kama vitatu ndo ianze kuonyesha. Hapo ushachelewa sekunde 18, na bado muda wa kuiandaa video huko seva. Bando halipunguzi hayo. Zima notifikesheni za magoli, basi.

HLS au DASH (njia nyingine ya kurusha video kwa vipande) kwa tovuti ya kanisa?
HLS. Waumini wenye iPhone wanakuhusu, na HLS kwao inafunguka moja kwa moja.

Nimetumiwa APK (faili la kusakinisha app) ya mechi zote bure, iko salama?
Futa. Mechi hazigaiwi bure na mtu usiyemjua. Kama iliomba ruhusa ya kusoma SMS na ukakubali, inaweza kusoma hadi namba za uthibitisho za benki, kwa hiyo badilisha nywila zako leo, kwa simu nyingine.