Chora Njia ya Mzigo Kabla ya Kushika Kikokotoo

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya uhandisi wa ujenzi nilisifika kwa kukokotoa upesi, na sifa hiyo ndiyo iliyonichelewesha kuelewa. Katika zoezi la kusanifu roshani ya zege iliyoshikiliwa upande mmoja tu, nilipata eneo la nondo hadi desimali mbili, kisha nikazichora zote upande wa chini wa bamba, kama nilivyozoea kwa boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili. Mhadhiri hakuniwekea alama yoyote. Alichukua ufutio wangu, akauchanja kwa wembe juu na chini, akaubana ncha moja ukingoni mwa meza na kuikandamiza ya pili kwa kidole: mchanjo wa juu ukapanuka, wa chini ukafumba. Zege huhimili mgandamizo vizuri, lakini nguvu yake dhidi ya mvutano ni takriban sehemu moja ya kumi tu, hivyo nondo hukaa pale panapopanuka. Roshani yangu ingeanguka pamoja na desimali zake.

Tangu hapo sianzi hesabu kabla ya kuchora kwa penseli namna mzigo unavyoshuka kutoka kwenye bamba hadi boriti, nguzo, msingi na hatimaye udongo, na namna kila kiungo kitakavyopinda. Nakushauri ufanye hivyo hata pale swali linapoonekana jepesi. Mwaka 1981, katika hoteli moja mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vilivyoning'inizwa vilianguka na kuua watu 114. Badala ya fimbo moja ndefu ya chuma ya kuvining'iniza kupita kwenye vijia vyote viwili, ziliwekwa fimbo mbili, kijia cha chini kikawa kimetundikwa kwenye cha juu, na nati iliyo chini ya boriti ya juu ikabeba mzigo maradufu. Mchoro wa dakika mbili unalionyesha jambo hilo waziwazi.

Baada ya kukokotoa, lipime jibu kwa akili. Kwa boriti iliyoegemea ncha mbili na kubeba mzigo uliosambaa sawasawa, urefu ukiongezeka maradufu, momenti (athari ya mzigo ya kuipinda boriti) huongezeka mara 4 na mnepo (kiasi boriti inachoshuka inapopinda) mara 16, iwapo mengine yote, pamoja na mzigo wa kila mita, hayabadiliki. Jibu lisilofuata mwenendo huo mara nyingi limechanganya milimita na mita (kosa ambalo, kwa maoni yangu, hula alama nyingi kuliko nadharia yoyote ngumu).

Maabara nayo usiwaachie wenzako. Kundi letu liliwahi kuongeza maji kwa siri ili zege lichanganyike kwa urahisi, likamiminika vizuri kwenye kalibu za milimita 150, nasi tukafurahi. Siku ya 28 michemraba yetu ilipasuka chini ya mashine mapema kuliko ya makundi yote, na ripoti tukalazimika kuiandika upya tukieleza uwiano wa maji na saruji tuliokuwa tumeutumia hasa.